Ukurasa wa Waliokosa

Nafasi zilizoletwa katani kwetu zilikuwa chache kuliko vijiji vyake. Afisa wa huduma za jamii aliitaja idadi mara moja tu, kisha akainama kutoa fomu kwenye mkoba. Sisi wajumbe wa kamati tukatazamana. Kila mmoja alikuwa ameshapiga hesabu moyoni: kijiji changu kina wangapi, cha jirani kina wangapi, na nani nitamkuta ananingoja mlangoni nikirudi.

Mimi ni mwalimu mstaafu, na huku bara ya Kilifi mwalimu mstaafu haachwi apumzike. Kukiwa na kamati ya maji, mwalimu awe katibu. Kukiwa na matanga, mwalimu ashike daftari la michango. Ndivyo nilivyojikuta nikiandika kumbukumbu za kamati iliyopewa kazi ya kupendekeza kaya za kupokea ruzuku ya serikali kwa watu wenye ulemavu mkubwa. Nilikaa humo miaka kadhaa. Niliyojifunza ni mengi, lakini yote yanarudi kwenye jambo moja: pesa zikiwa chache, orodha ya waliokosa ina uzito kuliko ya waliopata, na sisi tumezoea kuitupa.

Watu wengi huuita mpango huo Inua Jamii. Inua Jamii ni jina la jumla la mipango kadhaa: kuna pesa za wazee, kuna za mayatima na watoto walio katika mazingira magumu, na kuna hizi za ulemavu mkubwa. Za ulemavu zilianza mwaka 2011, tena kwa mkono mfupi: kaya 10 kwa kila eneobunge, wakati Kenya ilikuwa na maeneobunge 210. Eneobunge lina kata nyingi na kata ina vijiji vingi, kwa hiyo kulikuwa na vijiji visivyoweza kuota hata nafasi moja. Baadaye idadi ilipanda hadi kaya zipatazo 47,000 nchi nzima. Kiasi ni shilingi 2,000 kwa mwezi, ambazo kwa muda mrefu zililipwa za miezi miwili kwa mpigo, na anayezipokea ni mlezi. Kiwango hicho kimekaa pale pale kwa zaidi ya miaka kumi, huku bei ya unga, sukari na nepi ikipanda bila kuomba ruhusa.

Sasa tazama upande wa wahitaji. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 900,000 wenye ulemavu, yaani asilimia 2.2 ya Wakenya wenye umri wa miaka mitano na zaidi. Si wote wenye ulemavu mkubwa, na si wote maskini. Lakini hata tukichukua robo yao tu, nafasi hizo 47,000 hazingefika popote. Kamati kama yetu huwekwa katikati ya tarakimu hizo mbili, chini ya mwembe, na kuambiwa ichague kwa haki.

Masharti yenyewe yalikuwa yameandikwa kwa busara. Kaya iwe maskini kabisa, iwe inaishi katani, na asiwemo anayepokea pensheni au ruzuku nyingine ya aina hiyo. Mwenye ulemavu mkubwa alielezwa kuwa ni mtu anayehitaji kuangaliwa wakati wote: kulishwa, kupelekwa msalani, na kulindwa dhidi ya hatari, iwe inatoka kwake mwenyewe, kwa watu wengine au kwa mazingira, kiasi kwamba mlezi wake hawezi kubanduka. Nilipoyasoma maelezo hayo nikayapenda. Hayakutaja mguu wala jicho. Yalimtazama mtu na siku yake nzima, yakamtazama na anayeshinda naye.

Lakini macho ya kamati nayo yana fomu yake. Majina yalipoanza kutajwa, kila mjumbe alianza na yule anayetambaa, asiyeona, aliyekatwa mguu. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo alikubaliwa haraka ikiwa amelala mkekani. Ikiwa anajikongoja, watu walisitasita. Binti mwenye kifafa na ulemavu wa akili aliahirishwa kwa sababu siku tuliyomwona alikuwa anafagia uwanja, tena anafagia vizuri.

Kisha likaja jina la mvulana mwenye usonji. Alikuwa mrefu kwa umri wake, mwenye afya, na hakuna aliyemshinda kupanda miembe. Hakuwa anasema neno. Barabara kwake ilikuwa uwanja kama uwanja mwingine, na kisima kilikuwa mahali pa kuchungulia. Mama yake alipokwenda kuteka maji alimfungia chumbani, na majirani walimsema kwa hilo. Mjumbe mmoja aliposikia jina lake akacheka.

"Mwalimu, yule si mzima? Jana nimemwona akiwapita mbuzi mbio."

Nikaomba turudi kwenye karatasi, pale paliposema kulindwa dhidi ya hatari. Mabishano yakaanza. Wengine walisema tabia si ulemavu. Mmoja akasema mama hajui kulea. Alikuwapo mjumbe mmoja mwanamke, mtu mzima, ambaye kwa kawaida alisikiliza hadi watu wachoke. Alipozungumza alisema, "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Twendeni alfajiri, kabla mama hajatandika."

Tukaenda. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani kwa waya uliosokotwa. Mama alitufungulia akiwa bado ana leso iliyofungwa kwenye kifundo cha mkono. Ncha ya pili ilikuwa mkononi mwa mwanawe. Ndivyo walivyolala tangu mvulana alipojua kufungua mlango, ili akiamka usiku mama naye aamke. Tukamuuliza mara ya mwisho kufanya kibarua ni lini. Akahesabu kwa umri wa mtoto: tangu alipoanza kutembea. Kwa watoto wengine, kutembea ndiko kunakomrudishia mama mikono yake. Kwa huyu, ndiko kulikomnyang'anya.

Baada ya asubuhi ile tulikubaliana kwamba hatutaamua jina lolote kwa sifa za barazani. Tutakwenda nyumbani, tutakwenda kabla jua halijapanda, na tutamuuliza mlezi maswali matatu ya kawaida kabisa: unalala saa ngapi, ukienda kuoga nani anabaki naye, na mara ya mwisho kufanya kazi ya kukuletea pesa ilikuwa lini. Maswali hayo yalitufungulia mengi ambayo jicho halikuyaona. Yule binti aliyefagia vizuri, tuligundua, alianguka mara nyingi usiku, na nyanya yake alikuwa amehamishia kitanda chake mlangoni pa chumba cha binti.

Niliyoyaona katani niliyakuta pia kwenye vitabu vya wataalamu. Sensa yetu ya 2019 ilitumia maswali sita mafupi yaliyotungwa na kundi la watakwimu chini ya Umoja wa Mataifa, linaloitwa Washington Group. Yanauliza kama mtu ana shida ya kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka au kuwa makini, kujihudumia, na kuwasiliana. Ni maswali mazuri kwa watu wazima. Kwa watoto, hasa wenye usonji au ulemavu wa akili, hayatoshi, ndiyo maana mwaka 2016 kundi hilo na UNICEF walitoa maswali mengine ya watoto, yanayogusa pia kujifunza, tabia, kucheza na kupata marafiki. Mtoto wa chini ya miaka mitano hakuulizwa kabisa katika sensa ile. Basi kabla hata kamati haijakaa, kuna ambao tayari wamekwisha kuachwa nje na kipimo chenyewe, bila mtu yeyote kuwachukia.

Kipimo kingine ni karatasi ya daktari. Mbele ya kamati, ulemavu wa kukatika mguu hauhitaji kuthibitishwa na mtu, lakini wa akili unaulizwa vyeti. Ili kuandikishwa rasmi, mtu hupimwa hospitalini na jopo la wahudumu wa afya. Kwetu hospitali ya kupimia ilikuwa mbali, na mtoto anayepiga kelele kwenye matatu hukataliwa na utingo, au hulipiwa viti viwili. Bodaboda naye hataki kumbeba mtoto anayejirusha. Basi waliofika na karatasi walikuwa wale wenye nauli na mjomba wa kuwasindikiza. Maskini kuliko wote, yaani walengwa hasa wa mpango, walikuja mikono mitupu, na kwa kukosa karatasi tukaambiwa tusiwaandike.

Kuna jambo lililoniuma zaidi ya hayo, na sijui kama kuna mpango wowote wa kugawa haba usiokuwa nalo. Ni yale mashindano ya kuelezea dhiki. Kanuni ilitaka majina yasomwe barazani ili jamii ithibitishe, na nia ilikuwa njema: kuzuia chifu na wajumbe wasijaze ndugu zao. Lakini barazani mama alilazimika kusimama mbele ya wanaume, wakwe na majirani, aeleze mwanawe anajichafua mara ngapi, anamng'ata nani, anavua nguo wapi. Wa pili alisikia, akajua lazima yake iwe mbaya zaidi. Wa tatu vivyo hivyo.

Nilikuwa nawajua baadhi ya akina mama hao tangu nikiwa kazini. Walikuwa wamekuja shuleni na watoto wao, wakinisihi: Mwalimu, anajua kutofautisha rangi, Mwalimu, anatambua jina lake, mpe nafasi kwenye kitengo maalumu. Walikuwa wamepigania kidogo ambacho mtoto anakiweza. Sasa serikali ileile, kupitia mimi yuleyule, iliwataka waape kwamba hawezi chochote. Mmoja aliniuliza baada ya baraza, "Mwalimu, akijifunza kujilisha, pesa zitakatwa?" Nilimjibu kwamba sheria haisemi hivyo. Hakuniamini, na sikuwa na cha kumwonyesha. Ukiweka msaada kama zawadi ya kushindwa, hata mzazi mwema hujifunza kuogopa maendeleo ya mwanawe.

Tulichoweza kubadilisha ni kidogo lakini kilisaidia. Habari za ndani tulizichukua nyumbani, wajumbe wawili tu, mmoja wao awe mwanamke. Barazani tulisoma jina la kaya na sharti ililotimiza, basi. Aliyekuwa na pingamizi alileta pingamizi kuhusu mali au makazi, ambayo jirani anaweza kuyajua, wala si kuhusu msalani. Uwazi unahusu kanuni na maamuzi. Mwili wa mtoto si mali ya baraza.

Kuhusu shinikizo nitasema kwa ufupi, maana kila aliyewahi kukaa kwenye kamati anajua. Kulikuwa na ujumbe wa simu kutoka kwa mheshimiwa ukiwa na majina matatu. Kulikuwa na mzee wa mtaa aliyeniletea kuku, nikamrudishia na kuku wake. Dawa pekee niliyoiona ikifanya kazi ni kuandika kanuni kabla ya kutaja majina. Tukishakubaliana, na ikaandikwa na kutiwa saini, kwamba tutaanza na kaya yenye mlezi mmoja tu, kisha tutazame umri wa mlezi, kisha umaskini wa kaya, basi jina la mheshimiwa nalo lilipitia mlango huohuo. Moja lilipita, kwa sababu lilistahili. Mawili hayakupita.

Ugumu wa kweli ulikuwa pale ambapo hakuna mwovu. Kulikuwa na mjane mwenye umri wa zaidi ya miaka 70 akiishi na mwanawe, mtu mzima mwenye ulemavu wa akili. Mwana aliwachotea majirani maji, wakamlipa kwa sahani ya chakula. Hakujua pesa, hakujua kupika, na watu waovu walikuwa wameshamtuma kubeba vitu vya wizi. Mama alikuwa tayari anapokea pesa za wazee. Kwa kanuni tuliyokuwa nayo, kaya haikupaswa kupata mara mbili. Kwenye karatasi nyumba ile ilikuwa imeshasaidiwa. Kwa kweli kilichosaidiwa ni uhai wa mama, na siku mama akifariki pesa zile zinakoma, na mwana anabaki pale, mtu mzima asiyejua kupika, bila ruzuku na bila aliyekuwa akimpikia.

Pesa hizo za wazee zinafundisha jambo jingine. Kuanzia Januari 2018 serikali ilifungua pesa za wazee kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi asiyepokea pensheni. Zanzibar ilikuwa imetangulia mwaka 2016 na pensheni jamii ya umri huohuo. Katani kwetu mabadiliko yalionekana mara moja. Kamati haikuulizwa tena mzee yupi anastahili, na hakuna mzee aliyesimama barazani kujidhalilisha. Kilichotazamwa ni tarehe iliyo kwenye kitambulisho. Matatizo hayakwisha, kwa maana wapo wazee ambao kitambulisho kiliwapunguzia miaka, lakini ugomvi wa kijiji kwa kijiji ulikwisha. Kwa hiyo uhaba haushuki kutoka mbinguni. Kuna wakati mtu anaketi na kuamua kwamba kundi hili litapewa kwa haki na lile litachaguliwa, na uamuzi huo haufanyiki chini ya mwembe wetu.

Mwanafunzi wangu wa zamani anafanya kazi Pennsylvania, Marekani, katika nyumba ya kuwatunza watu wenye ulemavu wa akili, kazi inayofanywa na Wakenya wengi huko. Nilipomsimulia ya kamati yetu alinishangaza kwa kusema kwamba na wao wanachagua. Tangu mwaka 1981 sheria ya Marekani inaruhusu majimbo kutumia fedha za Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato cha chini, kumhudumia mtu nyumbani badala ya kumweka kwenye taasisi. Lakini jimbo linaruhusiwa kuweka kikomo cha idadi, na kikijaa watu hupanga foleni. Nchini kote wanaongoja ni mamia ya maelfu, walio wengi wakiwa na ulemavu wa akili na wa ukuaji, na wako waliokwisha kungoja zaidi ya miaka kumi. Pennsylvania huwapanga kwa uharaka: wa dharura, walio katika hali ngumu, na wale ambao familia inajiandaa kwa miaka ya mbele. Kwenye kipimo hicho, mzazi aliyezeeka au kuugua humsogeza mtoto mbele. Niliposikia hilo nikamkumbuka yule mjane. Kule umri wake ungemvuta mwanawe mbele; kwetu umri huohuo ndio uliomfungia mlango.

Siwasifii Wamarekani foleni yao, wenyewe hawaisifu. Katika baadhi ya majimbo mtu huandikwa kwenye orodha kabla ya kuthibitishwa kuwa anastahili, hivyo hata idadi ya wanaongoja ina walakini. Ila wana kitu ambacho sisi hatuna: aliyekosa ameandikwa. Anayeandikwa anaweza kuhesabiwa, na anayehesabiwa anaweza kudai. Mwaka 1999 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Olmstead iliyohusu wanawake wawili wa jimbo la Georgia waliobakizwa hospitalini ingawa wataalamu walisema wanaweza kuishi katika jamii, ilisema kwamba jimbo linaweza kujitetea kwa kuonyesha lina mpango wa kweli, na orodha ya wanaongoja inayosogea kwa mwendo unaokubalika. Kwa maneno mengine, orodha iliyosimama ni ushahidi dhidi ya serikali. California nayo ilikwenda njia nyingine tangu 1969: sheria yake, ya Lanterman, inampa huduma kila anayetimiza masharti ya ulemavu wa ukuaji, kama haki yake.

Kenya hatuna sababu ya kuona wivu kwa upande wa maandishi. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii na kuiagiza serikali iwasaidie wasioweza kujikimu. Kifungu cha 20 kinakwenda mbali zaidi: serikali ikisema haina rasilimali za kutimiza haki hizo, ni juu yake kuonyesha kwamba kweli hazipo. Nilikisoma kifungu hicho nikiwa na daftari la kamati mapajani, na swali likanijia. Serikali itaonyesha nini, kwa nani, ikiwa hakuna mahali palipoandikwa ni wangapi waliostahili wakaachwa? Fomu tulizopewa zilikuwa na nafasi ya majina ya waliochaguliwa. Waliobaki walirudi makwao bila alama yoyote. Kwenye ripoti ya juu kata yetu ilionekana imefanikiwa asilimia 100: nafasi zote zilijazwa.

Nikaanza kuandika ukurasa wa pili. Kila kaya tuliyoitembelea ikakosa, niliiandika: tarehe, hali ya mtu, umri wa mlezi, na sababu moja ya kukosa. Mwenyekiti hakufurahi.

"Mwalimu," aliniambia, "hayo unayoandika ni mashtaka."

"Ni kumbukumbu, Mwenyekiti. Mashtaka huwa na mshtakiwa."

Afisa alikuwa na wasiwasi ulio na msingi zaidi. Alisema orodha huzaa matumaini, na matumaini yasiyotimizwa huzaa uchungu. Tukiwaambia watu wameandikwa, watakuja kila mwezi kuuliza zamu yao. Ni kweli, walikuja. Lakini nilichokiona ni kwamba mtu aliyeambiwa sababu aliondoka na kitu cha kufanya, na yule asiyeambiwa aliondoka na jina la adui. Uchungu ulikuwapo kabla ya orodha. Orodha iliupa tu mahali pa kusemea.

Faida ya pili sikuitarajia. Nilipoipanga orodha kwa sababu za kukosa, ilijigawa yenyewe. Kundi moja lilikosa kwa kuwa nafasi ziliisha: hilo dawa yake ni Bunge na bajeti. Kundi jingine lilikosa kwa kuwa hawana karatasi ya daktari, na jingine kwa kuwa mtoto hana cheti cha kuzaliwa au mlezi hana kitambulisho. Kundi la nne ni wale ambao familia ilikuwa imewaficha na tuliwajua kwa kuchelewa. Makundi hayo matatu ya mwisho hayakuhitaji shilingi ya ruzuku ili tuanze kuyashughulikia. Tuliupeleka ukurasa ule kwa wakubwa wa afya, tukawaonyesha kwamba ni rahisi kuwaleta wahudumu wachache kwenye zahanati yetu kuliko kusafirisha watoto wote hao mjini. Ilichukua muda na barua nyingi, lakini walikuja, wakapima, na watu wakapata karatasi zao. Baadhi ya waliopimwa siku hiyo bado hawajapata ruzuku hadi leo. Lakini karatasi iliwafungulia mengine: usajili, kitengo maalumu shuleni, na kwa wachache viti vya magurudumu.

Nafasi mpya zilipokuja hatukuanza upya na kelele za nani anamjua nani. Tulifungua ukurasa wa pili, tukahakiki hali za watu, tukaendelea pale tulipoishia. Majina mengine tuliyakuta yana mstari, kwa sababu wenyewe walikuwa wamefariki wakingoja. Sikuyafuta kabisa. Tarehe ya kuandikwa na tarehe ya kufariki zikikaa pamoja kwenye ukurasa mmoja, zinasema jambo ambalo hakuna takwimu ya waliopata inayoweza kulisema.

Siku hizi maamuzi yanaelekea kuhamia kwenye kompyuta. Kuna rejista ya taifa inayokusanya taarifa za kaya: paa ni la makuti au mabati, sakafu ni ya udongo au saruji, mifugo mingapi. Kompyuta haina shemeji, na hilo ni jema. Lakini inapima kaya kwa vitu vyake, na leso iliyofungwa mkononi usiku haimo kwenye maswali. Isitoshe, mtu aliyekataliwa na mashine hana wa kumuuliza kwa nini. Mwaka 2025 tulipata Sheria mpya ya Watu wenye Ulemavu badala ya ile ya 2003. Sheria na mashine vyote vitapimwa kwa swali lilelile la barazani: aliyekosa ameambiwa sababu, na jina lake limeandikwa wapi?

Kwa walio kwenye kamati za kata, ushauri wangu ni wa kikazi. Andikeni kanuni kabla ya majina. Nendeni nyumbani alfajiri, mkahesabu usingizi wa mlezi pamoja na miguu ya mtoto. Msimlipe mama kwa kumdhalilisha mwanawe. Kisha, mkimaliza, msifunge daftari pale ambapo fomu ya serikali inaishia. Fungueni ukurasa mwingine, andikeni kila aliyestahili akakosa na sababu yake, utiwe mhuri wa chifu, nakala moja ibaki katani na nyingine iende kwa mbunge kabla ya bajeti kusomwa. Akisema pesa hazipo, ajue anawaambia kina nani.